Kilwa ile nyingine

Ukimtajia Mkenya jina la Kilwa, mawazo yake yatakimbilia pwani ya Tanzania: msikiti wa mawe, magofu, masultani, dhahabu ya Sofala, maswali ya mtihani wa historia. Lakini kuna Kilwa nyingine. Hiyo iko mbali kabisa na bahari, kwenye ufuo wa Ziwa Mweru, upande wa Kongo, katika Katanga, kilomita 350 hivi kutoka Lubumbashi. Ng'ambo ya maji ni Zambia. Ni mji wa wavuvi na wachuuzi, na Kiswahili kinazungumzwa huko, kile cha Katanga, ambacho ukikisikia mara ya kwanza unacheka kidogo, halafu baada ya dakika tano unagundua kwamba unaelewa karibu kila kitu.

Mwezi Oktoba mwaka 2004 zaidi ya watu 70 waliuawa katika mji huo kwa siku chache. Nitafika hapo. Kwanza nataka kuzungumzia karatasi moja iliyokuwa imepita Washington mwezi mmoja kabla. Karatasi yenyewe ilikuwa ya bima.

Bima hiyo ilikuwa ya dola milioni 13.3. Iliukinga mgodi wa shaba na madini ya fedha uitwao Dikulushi, kilomita 50 hivi kutoka Kilwa, uliomilikiwa na Anvil Mining, kampuni yenye makao Perth, Australia, na usajili wake Kanada. Mtoaji alikuwa MIGA, tawi la Kundi la Benki ya Dunia lililoanzishwa 1988 kwa kazi moja maalumu: kuwaondolea wawekezaji hofu ya nchi zinazoogopesha. Serikali ikitaifisha mgodi wako, MIGA inalipa. Ukizuiwa kutoa pesa zako nje ya nchi, inalipa. Vita au vurugu za raia zikiharibu mali yako, inalipa. Kwa lugha yao hizi ni hatari za kisiasa.

Nina rafiki anayefanya kazi ya bima Upper Hill. Nilipomweleza habari hii alitaka kujua kitu kimoja tu: na yule wa kugongwa je? Alimaanisha bima ya lazima ya barabarani, ile ambayo bila yake sheria ya Kenya hairuhusu gari kutoka hata langoni. Bima hiyo haimjali mwenye gari. Ipo kwa ajili ya mama anayevuka barabara na boda boda aliyesimama kando. Hata matatu iliyochakaa vipi, yenye kioo cha mbele kilichopasuka na breki za kubahatisha, ina kibandiko kinachomtambua mtu atakayeumizwa nayo. Bima ya Dikulushi haikuwa na mtu huyo. Humo raia anatokea upande mmoja tu, katika neno vurugu, yaani kama kitu kinachoweza kumharibia mwekezaji.

Nimekuwa nikilifikiria swali la rafiki yangu tangu wakati huo, na kadiri ninavyosoma historia ya Katanga ndivyo ninavyoona kwamba hilo pengo lina umri mkubwa kuliko MIGA yenyewe.

Mwaka 1891 msafara wa wanaume zaidi ya 300 uliondoka pwani yetu kwenda bara. Wengi wao walikuwa wapagazi na askari walioandikwa Zanzibar na Mombasa, watu wa lugha hii ninayoandika. Kiongozi wao alikuwa William Stairs, mzaliwa wa Halifax, Kanada, na aliyelipa gharama ni Compagnie du Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka huohuo kwa mtaji wa Ulaya. Shabaha ilikuwa kupandisha bendera ya Mfalme Leopold mahali penye shaba kabla Waingereza wa Cecil Rhodes hawajafika. Mwenye shaba alikuwa Msiri, mfanyabiashara aliyetoka sehemu za Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, akajijengea dola huko Bunkeya. Msiri hakuwa malaika. Utajiri wake ulichanganyika na biashara ya watumwa na watu wake walimwogopa. Lakini bendera aliikataa. Tarehe 20 Desemba 1891 afisa wa msafara, Omer Bodson, alimpiga risasi akafa, na Bodson mwenyewe akauawa papo hapo. Bendera ikapanda. Kwa hiyo mara ya kwanza mtaji wa kampuni, bunduki na shaba ya Katanga vilipokutana, mizigo ilibebwa na babu zetu wa Mombasa. Sisemi hivyo ili tuone haya, ila hadithi ya Kongo huwa tunaisimulia kama habari ya majirani.

Nitaruka miaka mingi, kwa sababu kipindi cha Union Minière na Wabelgiji kinahitaji insha yake. Nitue kwa Mobutu.

Mobutu alibadilisha majina ya kila kitu, na mwaka 1971 aliubadilisha pia mkoa wa Katanga. Aliuita Shaba. Msomaji wa Kiswahili hahitaji tafsiri. Huyu mtu aliupa mkoa mzima, pamoja na watu wote waliokuwa wakiishi ndani yake, jina la kile alichotaka kuchimba chini ya miguu yao. Mkoa huo ulikuwa umejaribu kujitenga kati ya 1960 na 1963, na Kinshasa haikusahau. Ndipo ukaja mradi wa Inga–Shaba: laini ya umeme ya kilomita 1,700 hivi kutoka bwawa la Inga karibu na mdomo wa Mto Kongo hadi Kolwezi kwenye migodi, laini ndefu kuliko zote za aina yake duniani ilipokamilika mwaka 1982. Benki ya Exim ya Marekani ilikuwa miongoni mwa wakopeshaji wakubwa. Wahandisi wengine walishangaa: Katanga ina mito na mabwawa yake, umeme wa kuvutwa kutoka mbali namna hiyo ni wa nini? Wanasiasa hawakushangaa. Swichi ya migodi ikikaa upande wa Kinshasa, gavana wa Shaba hatakuwa na jeuri ya kujitenga tena. Na kwa kuwa umeme ule ulisafirishwa kwa mkondo wa moja kwa moja, vijiji vilivyo chini ya nyaya havikuweza kuuchomoa njiani. Nyaya zilipita juu ya mapaa ya nyasi, watu wakaendelea kuwasha koroboi.

Miaka hiyohiyo Shirika la Fedha Duniani, IMF kama tunavyoliita sote, lilimtuma Mjerumani mmoja Kinshasa. Erwin Blumenthal alikuwa mtu wa benki kuu ya nchi yake, na mwaka 1978 alikabidhiwa usimamizi wa benki kuu ya Zaire ili azibe mianya ya wizi. Hakumaliza mwaka. Mwaka 1982 aliandika ripoti ya siri, na ripoti hiyo kwa bahati nzuri haikubaki siri, ambayo ilisema bila kupindapinda kwamba ufisadi ndio mfumo wenyewe na kwamba wakopeshaji wa Zaire wasitarajie kulipwa. Wakasoma. Kisha wakaendelea kukopesha. IMF ilitia sahihi programu mpya 1983, na nyingine 1987, na hiyo ya 1987 ilimfanya afisa wake mmoja wa ngazi za juu, David Finch, ajiuzulu kwa kuchoshwa na mashinikizo ya kisiasa ya nchi kubwa. Mobutu alikuwa rafiki katika vita baridi. Alipokimbia mwaka 1997 aliacha deni la zaidi ya dola bilioni 10, na walioachiwa ni watu wale waliokuwa wakiwasha koroboi.

Hebu tuangalie jambo moja hapo. Watu hupenda kusema kwamba mashirika haya ya fedha hukosea kwa kutojua: ati takwimu zilikuwa chache, ati hali ilikuwa ngumu kusomeka. Blumenthal aliwasomea. Habari haikuwa tatizo.

Basi vita vikaja, vya 1996 na vile vikubwa vya 1998, na mamilioni ya watu wakafa au kukimbia. Mwaka 2001 Joseph Kabila alirithi kiti cha baba yake, na Benki ya Dunia ikarudi Kinshasa na mikoba yake. Mwaka 2002 Kongo ikapata Sheria mpya ya Madini, iliyoandikwa kwa msaada wa Benki na yenye kumkaribisha mwekezaji kwa mikono miwili. Gécamines, shirika la umma ambalo kwa miongo lilikuwa mwajiri, hospitali na shule ya nusu ya Katanga, lilipunguza zaidi ya wafanyakazi 10,000 kwa mpango uliogharamiwa na Benki. Mpango huo uliitwa kuondoka kwa hiari. Hiari ya mtu ambaye hajalipwa mshahara kwa miezi mingi, sijui tuiite nini. Lugha ya ofisi hizi ina ucheshi wake.

Washington nayo ilikuwa na mjadala wake, na hapa ndipo ninapopaona kuwa pazito zaidi. Wanaharakati walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kuhusu pesa za Benki kwenye mafuta na migodi, na mwaka 2000 Benki ikakubali kufanyiwa tathmini huru. Aliyepewa kazi hiyo ni Emil Salim wa Indonesia, mtu aliyewahi kuwa waziri katika serikali ya Suharto, kwa hiyo wengi walitarajia ripoti laini. Wakashangazwa. Ripoti yake, iliyokamilika Desemba 2003, ilitaka Benki isiingie kwenye madini mahali ambapo utawala haujawa tayari, iheshimu haki za binadamu kama sharti la kazi, na ipate idhini ya jamii kabla ya mradi kuanza. Menejimenti ya Benki ilijibu kati ya mwaka 2004. Mengine ilikubali, mengine ikayalegeza. Lililonikaa kichwani ni neno idhini. Lilitolewa, na badala yake likawekwa mashauriano. Ukishauriwa, unakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, unapewa soda, unasikilizwa, unaandikwa jina na kutia sahihi ya mahudhurio. Ukiombwa idhini, unaweza kusema hapana.

Majibu hayo yalipita kwenye bodi Agosti 2004. Septemba 2004 bodi ikaidhinisha bima ya Dikulushi, mradi wa kwanza wa MIGA katika Kongo.

Dikulushi ulikuwa mgodi mdogo ukilinganisha na mijitu ya Kolwezi, lakini shaba yake ilikuwa nzuri, na uzalishaji ulikuwa umeanza 2002. Mawe yalisafirishwa kwa malori hadi Kilwa, yakapakiwa kwenye majahazi ya chuma, yakavushwa ziwa kwenda Zambia. Kilwa ndiyo iliyokuwa mlango. Mlango ukifungwa, mgodi unakaa na shaba yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia Kilwa. Kiongozi wao, Alain Kazadi Makalayi, alikuwa kijana wa miaka 20, mvuvi. Walikuwa wachache mno, silaha zao za kuokoteza, wakajiita vuguvugu la ukombozi wa Katanga, na asubuhi wakaanza kuandikisha vijana wa mji. Kwa mujibu wa uchunguzi wa Umoja wa Mataifa, Kazadi alihutubia watu na kuwaambia kwamba siku za wakubwa kutia mfukoni pesa za migodi zimekwisha. Nisimpambe. Alikuwa kijana aliyewaletea watu balaa. Lakini maneno yale hayakutoka hewani. Kila aliyekuwa akiyatazama malori yakipita kwenda bandarini angeweza kuyasema.

Wakazi wengi walikimbia, baadhi kwa mitumbwi. Kampuni iliwaondoa wafanyakazi wake kwa ndege. Ndege hizohizo za kukodi zilileta wanajeshi wa Brigedi ya 62 ya jeshi la serikali kutoka Pweto, chini ya Kanali Ademar Ilunga. Magari ya kampuni yaliwabeba kuelekea Kilwa, madereva wa kampuni wakiwa kwenye usukani. Kampuni ilitoa pia chakula na mafuta. Tarehe 15 Oktoba jeshi lilishambulia, na mapigano yenyewe hayakuchukua muda. Kazadi alikamatwa akiwa na majeraha, akafa baadaye.

Kilichotokea baada ya risasi za mapigano kunyamaza ndicho kilichofanya jina la Kilwa liandikwe kwenye mafaili ya mahakama za mabara matatu. Wanajeshi waliingia nyumba kwa nyumba. Walikamata watu, wakatesa, wakaiba. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliofika baadaye walihesabu vifo zaidi ya 70, na katika hivyo walipata kwamba watu wasiopungua 28 waliuawa kwa kupigwa risasi bila kesi wala swali. Mahali panapoitwa Nsensele, nje kidogo ya mji, palichimbwa makaburi ya halaiki. Wachunguzi hao walieleza kwamba magari ya kampuni yalitumika hata kubeba maiti na mali ya wizi.

Kampuni haikukana kutoa usafiri. Ilisema kwamba haikuwa na hiari: jeshi la nchi liliyataka magari kwa amri, na kisheria huwezi kukataa. Ilisema haikujua yatakayofanywa. Katika taarifa zake kwa wawekezaji iliisifu serikali na jeshi kwa kuchukua hatua haraka, uzalishaji ukarudi. Mauaji hayakutajwa. Dunia ilijua Juni 2005, kituo cha ABC cha Australia kilipoonyesha filamu kuhusu mkasa huo, na mkurugenzi mkuu wa kampuni, Bill Turner, akaeleza mbele ya kamera kwamba wao waliwasaidia wanajeshi kufika, na yale waliyoyafanya walipofika ni mambo ya ndani ya jeshi. Nimesikia watu wakimcheka kwa kauli hiyo. Mimi naona alikuwa akisema kweli ya mfumo mzima. Ndivyo karatasi zilivyoandikwa. Mstari ulichorwa pale gari linaposimama na askari kushuka.

Na ile bima? Mkataba wake ulitiwa sahihi 2005, miezi baada ya makaburi ya Nsensele kufukiwa.

Baada ya filamu, rais wa Benki ya Dunia aliagiza ukaguzi. Kazi ilifanywa na CAO, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya MIGA na IFC. Wakenya wengine wanaijua, kwa kuwa ndiyo iliyochunguza pia malalamiko kuhusu pesa za IFC katika shule za Bridge hapa kwetu. Ripoti ya Dikulushi ilitolewa mapema 2006. Nimeisoma zaidi ya mara moja na kila mara hunisumbua kwa upole wake. Inasema kwamba kwa jumla MIGA ilifuata taratibu zake za kimsingi. Halafu, kwa sauti ileile, inasema kwamba MIGA haikutathmini kama mradi unaweza kugusa mwenendo wa migogoro ya eneo hilo, wala kama ulinzi wa mgodi unaweza kuwaletea madhara watu wanaouzunguka. Na kwamba haikuwa imehakikisha kuwa mteja wake ana uwezo wa kutekeleza zile kanuni za hiari za usalama na haki za binadamu ambazo serikali, kampuni za madini na mafuta na mashirika ya kiraia yalikubaliana mwaka 2000.

Soma tena polepole. Hii ni taasisi ambayo kazi yake pekee ni kupima hatari. Ilipeleka wataalamu wa vita na vurugu kuangalia nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inatoka vitani, ikakokotoa uwezekano wa vita hivyo kuufikia mgodi, ikaweka bei. Hesabu zote zilienda upande mmoja. Hakuna aliyegeuza karatasi na kuuliza uwezekano wa mgodi kuwafikia watu, kwa mfano kupitia gari lenye tangi lililojaa mafuta likikutana na kikosi kisicholipwa vizuri chenye historia ya kuua. Na swali hilo halikuhitaji unabii. Mwenye matatu analijibu kila anapolipia kibandiko.

Naambiwa, hasa na wenzangu waliosomea uchumi, kwamba hoja hii ni anasa. Nchi iliyobomoka inahitaji mtaji, mtaji ni mwoga, bima inautoa woga, ajira zinakuja, na haki zitafuata ajira kama mkia unavyofuata mbuzi. Naiheshimu nusu ya kwanza ya hoja hiyo. Kilwa haikuhitaji kubaki maskini ili iwe salama. Nusu ya pili haina ushahidi Katanga. Tangu Compagnie du Katanga mtaji umekuja mara nyingi na haki haikuufuata hata mara moja, kwa sababu anayeulinda mtaji huo ni askari wa serikali isiyoulizwa na mtu. Ukimpunguzia mwekezaji hatari katika nchi kama hiyo bila kumfungia masharti, hatari haipotei. Inahamia kwa yule asiye na karatasi.

Mahakamani ilikuwa hivi. Mwendesha mashtaka wa kijeshi wa Kongo, na hili linastahili sifa kwa kuwa halikuwa jambo jepesi, aliwashtaki Kanali Ilunga na wanajeshi wenzake, na pamoja nao raia watatu wa kigeni waliokuwa waajiriwa wa kampuni. Kesi ilifunguliwa Lubumbashi Desemba 2006. Hukumu ya tarehe 28 Juni 2007 iliwaachilia wote kuhusu Kilwa. Mahakama iliona kwamba waliokufa walikufa katika mapigano. Kanali alifungwa maisha kwa mauaji mengine yasiyohusiana na Kilwa. Louise Arbour, wakati huo Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, alisema hadharani kwamba hukumu hiyo inamtia wasiwasi, kwa kuwa ushahidi wa waliojionea kwa macho ulionyesha vitendo vya makusudi.

Waathiriwa wakafunga safari, kisheria, hadi Kanada. Mashirika ya haki, miongoni mwao ACIDH ya Lubumbashi na RAID ya Uingereza, yaliungana na mengine kufungua kesi Montreal, Novemba 2010, kwa niaba ya familia. Jaji wa kwanza, Aprili 2011, aliikubali, akisema kwamba akiikataa watu hawa hawatakuwa na mahakama nyingine. Januari 2012 Mahakama ya Rufaa ya Quebec ilitengua: ofisi ya kampuni iliyoko Montreal ilifunguliwa baada ya tukio, kwa hiyo haihusiki nalo, na kesi ingeweza kusikilizwa Kongo au Australia. Tarehe 1 Novemba 2012 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikataa kuisikiliza. Mwaka huo Anvil ilinunuliwa na Minmetals Resources, kampuni yenye mtaji wa Kichina. Dikulushi wenyewe ulikuwa tayari mikononi mwa wengine.

Kongo, Australia, Kanada. Kila mlango ulielekeza kwenye mwingine. Mwekezaji aliyekatiwa bima na MIGA hana shida ya kutafuta mlango; mlango umeandikwa kwenye mkataba, na anuani yake ni Washington.

Nilipokuwa nikiandika sehemu hii nilikumbuka Juni 2024, mabango ya Nairobi yaliyotaja IMF kwa jina, na jinsi watu wazima fulani kwenye runinga walivyotushangaa, ati vijana wa TikTok wamejulia wapi mambo ya mikopo ya kimataifa. Mswada wa fedha ulikuwa umefungamana na programu ya mkopo, watu wakapigwa risasi karibu na Bunge tarehe 25, kesho yake IMF ikatoa taarifa ya kueleza wasiwasi wake. Sifananishi Nairobi na Kilwa. Kilwa hakukuwa na kamera hata moja. Lakini swali lililokuwa kwenye mabango ni lile la rafiki yangu wa Upper Hill, na nafikiri kizazi hiki kimelifikia bila kupitia chuo chochote cha uchumi.

Mlango mmoja ulibaki. Mwaka 2010 mashirika yale, pamoja na taasisi ya haki za binadamu iliyoko Gambia, yalikuwa yamepeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Banjul. Uamuzi ulitangazwa 2017. Tume iliona kwamba serikali ya Kongo ilivunja Mkataba wa Afrika, ikaitaka iwashtaki wahusika, wakiwemo waajiriwa wa kampuni, na iwalipe waathiriwa wanane waliotajwa kwenye shauri hilo dola milioni 2.5. Iliitaka pia iombe radhi, ijenge mnara wa kumbukumbu, ikarabati shule na hospitali ya Kilwa, na ifukue makaburi ya Nsensele ili waliomo wazikwe upya kwa heshima. Tume haina polisi wala dalali wa kukamata mali. Miaka iliyofuata mashirika hayohayo yaliendelea kuandika barua Kinshasa kuulizia malipo.